Barua ya Pili

Methali isemayo kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini niliifundisha kwa miaka yangu yote ya ualimu. Niliiandika ubaoni, nikawapa watoto watunge insha juu yake, nikazisahihisha insha hizo kwa wino mwekundu, na kila mwaka majibu yalikuwa yale yale: fulani alimtegemea kaka yake, kaka akamchoka, naye akafa maskini. Nilitoa alama nikaenda zangu. Sasa nimestaafu, muda wa kufikiri ninao, na naona kuwa methali ile haikukosea, ila mimi niliifundisha nusu. Sikupata kuwaambia watoto mtu afanye nini ikiwa hana budi kumtegemea nduguye. Jambo hilo nimelijua uzeeni, tena kutokana na habari za nchi ya mbali na za silaha ambazo mimi sizipendi.

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka 2021. Nilikuwa nimeketi barazani na redio yangu, nikasikia kwamba Rais Moon Jae-in wa Korea ya Kusini na Rais Joe Biden wa Marekani wamekutana Washington, na kwamba yamefutwa masharti yaliyokuwa yakiizuia Korea ya Kusini kutengeneza makombora ya kwenda mbali. Mtangazaji alisema masharti hayo yalikuwa na umri wa miaka 42.

Mjukuu wangu alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Nikamuuliza, "Nchi huru inazuiwaje kutengeneza silaha zake yenyewe kwa miaka yote hiyo? Walipigana na Wamarekani wakashindwa?"

"Hapana, babu," akasema. "Hao ni marafiki."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nikamwomba anitafutie habari zaidi, akaniletea kurasa alizozichapa kwa herufi kubwa ili macho yangu yasitaabike. Nilizisoma kwa wiki nzima. Nitayaeleza niliyoyasoma, kisha nitaeleza kwa nini usiku mmoja nilishindwa kulala kwa ajili yake.

Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, vikasimamishwa mwaka 1953 kwa makubaliano ya kuweka silaha chini. Mkataba wa amani haukutiwa saini wakati ule, wala haujatiwa saini hadi leo. Mwaka huo huo wa 1953 Korea ya Kusini na Marekani ziliwekeana mkataba wa kulindana, na askari wa Marekani wakabaki. Msomaji akumbuke kwamba Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, uko kama kilomita 50 tu kutoka mpakani. Mtu akipiga mzinga upande wa pili, shule za Seoul zinasikia. Mwezi wa Januari mwaka 1968 makomando 31 kutoka Kaskazini walivuka mpaka wakafika karibu na ikulu ya Seoul wakitaka kumwua rais, Park Chung-hee.

Basi ikawa kwamba mwaka 1969 Rais Nixon wa Marekani alitangaza kuwa nchi rafiki za Asia zitapaswa kubeba wenyewe sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa ulinzi wao. Mwaka 1971 askari wapatao 20,000 wa Marekani waliondolewa Korea. Mlinzi aliyekuwa akilala mlangoni alikuwa amekunja nusu ya mkeka wake. Mwisho wa mwaka huo Park aliwaagiza wataalamu wake, waliokuwa katika shirika la utafiti wa silaha lililoanzishwa mwaka 1970, watengeneze kombora la Kikorea.

Hapo ndipo vizuizi vilipoanza. Wakorea walikuwa na makombora ya Kimarekani yaitwayo Nike Hercules, yaliyokusudiwa kutungua ndege. Wahandisi wao waliyachunguza, wakatengeneza la kwao lenye umbo kama lile lakini la kupiga shabaha za ardhini. Mitambo na maarifa waliyoyakosa yalikuwa mikononi mwa kampuni za Marekani, na kwa sheria za Marekani kampuni haiwezi kuuza nje ufundi wa silaha mpaka serikali itoe kibali. Kwa hiyo kila hatua ilikuwa na mlango, na ufunguo wa kila mlango ulikuwa kwa rafiki. Hata hivyo walifika. Tarehe 26 Septemba 1978, mbele ya rais wao, kombora lao la kwanza lilirushwa. Waliliita Baekgom, maana yake dubu mweupe.

Mwaka huo wa 1978 mimi nauona kama jana. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na vijana niliowafundisha kusoma waliondoka kijijini wakiimba. Baadhi hawakurudi. Kwa hiyo asije mtu akanihesabu miongoni mwa wale wanaoona silaha kuwa jambo la kujivunia. Lakini pia siwezi kumcheka mtu anayekaa kilomita 50 kutoka kwa adui yake akataka kuwa na kitu mkononi.

Mwaka 1979 kamanda wa majeshi ya Marekani nchini Korea aliandika barua akitaka mpango huo uwekewe mipaka. Waziri wa Ulinzi wa Korea, Roh Jae-hyun, akajibu kwa barua kwamba wamekubali: kombora la Korea halitakwenda zaidi ya kilomita 180, wala halitabeba kichwa cha uzito unaozidi kilo 500. Basi. Hapakuwa na mkataba uliopelekwa bungeni, wala sheria iliyopigiwa kura. Kwa maneno ya kisheria, Korea ilikuwa imetangaza tu sera yake kwa hiari yake. Lakini barua ile, ambayo kisheria haikuwa na uzito wa mkataba, ilizuia kuliko mikataba mingi. Nani angethubutu kuivunja wakati askari wa mwandikiwa wamelala nyumbani mwake wakimlinda, na vipuri vyote vinatoka kwake?

Kilomita 180 ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda karibu na Morogoro kwa barabara. Kutoka mpakani kombora lingefika Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, na lisingekwenda mbali sana zaidi ya hapo. Nazo kilo 500 ziliwekwa kwa sababu silaha ya nyuklia ya nchi inayoanza huwa nzito.

Haki idai pande zote mbili. Wamarekani hawakuwa na hofu ya bure. Park alikuwa ametawala tangu mwaka 1961 alipotwaa madaraka kwa nguvu za jeshi, na mwaka 1972 alibadili katiba ili asipate wa kumwondoa. Alitaka pia kununua kutoka Ufaransa mtambo ambao ungempa malighafi ya bomu la nyuklia, hata Marekani ikamshinikiza akaacha mwaka 1976. Mtu wa namna hiyo ukimpa kombora la kwenda mbali, hujui kesho atalielekeza wapi, na vita akivianzisha yeye ni wewe utakayeingizwa. Ningekuwa mimi katika nafasi ya kamanda yule, huenda ningeiandika barua ile ile.

Park aliuawa tarehe 26 Oktoba 1979, akapigwa risasi na mkuu wake mwenyewe wa usalama. Aliyemfuata baada ya vurugu, Jenerali Chun Doo-hwan, naye alishika madaraka kwa mapinduzi, na alihitaji sana kukubaliwa na Marekani. Mapema katika miaka ya 1980 shirika lile la utafiti lilipunguzwa na wataalamu wengi wa makombora wakaachishwa kazi. Hapo niliweka kurasa chini. Barua ya mwaka 1979 ilikuwa imeweka mpaka wa kilomita na kilo tu. Haikusema wataalamu wafukuzwe. Mikono iliyojua kazi ilitawanywa na serikali yao wenyewe, ili kumfurahisha rafiki zaidi ya alivyoomba.

Usiku huo ndio niliokosa usingizi, na sasa nieleze sababu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, shule yangu ilikuwa na karakana. Ilijengwa na mwalimu aliyenitangulia katika siku za Elimu ya Kujitegemea, kwa matofali yaliyofyatuliwa na wanafunzi. Ilikuwa na meza mbili za useremala, randa tano, misumeno, patasi, na fundi mmoja mzee ambaye hakuwa na cheti chochote lakini aliijua mbao kama mimi ninavyozijua herufi. Watoto wa darasa la sita na la saba walifanya kazi naye. Madawati yetu yalikuwa mazito na hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yetu, na lilipovunjika moja Jumatatu, Ijumaa lilikuwa limerudi darasani.

Mwaka 1989 walikuja wafadhili. Sitawataja, kwani hawakuwa watu wabaya. Mapaa ya madarasa yetu manne yalikuwa yakivuja, na wakati huo serikali haikuwa na fedha. Walikubali kuezeka upya na kutuletea madawati mapya kila mwaka. Kisha ikaja barua yenye sharti moja: karakana itengeneze vigoda na vitu vidogo tu, isitengeneze madawati, milango wala madirisha, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine mjini, na pia kwa sababu wanaona misumeno ni hatari kwa watoto.

Sikuipeleka barua ile kwenye kamati ya shule. Nilijua wazee wa kamati wangebishana mwezi mzima, na masika yalikuwa yanakaribia. Nilijibu peke yangu, kwa mkono wangu, kwamba tumekubali. Nakala ninayo hadi leo katika sanduku la bati.

Mpaka hapo sijutii sana. Watoto walikuwa wakilowa. Ningeletewa barua ile tena, na mvua ile ile iko njiani, huenda ningejibu vile vile. Ninachojutia ni yaliyofuata. Sharti lilisema vigoda viruhusiwe, lakini mimi niliona haya wafadhili wakija wakute kelele za misumeno, nikaifunga karakana kabisa. Fundi nilimwambia apumzike mpaka nitakapomwita. Aliniuliza, "Na watoto, Mwalimu, nao wapumzike?" Nikacheka kama mtu aliyesikia mzaha. Sikumwita tena.

Wafadhili walikaa miaka minne. Mradi wao ulipokwisha waliaga vizuri, tukawapigia ngoma. Madawati waliyotuletea yalikuwa mepesi na mazuri, na baada ya miaka mitatu mingine yalianza kulegea. Nilifungua karakana. Randa zilikuwa na kutu, meza imeliwa na mchwa, fundi amefariki, na katika shule nzima hapakuwa na mtoto wala mwalimu aliyeweza kuchonga mguu wa dawati. Ninakumbuka watoto wa darasa la pili wamekaa sakafuni na daftari magotini. Mimi ndiye niliyewakalisha hapo, na wao hawakujua.

Nikarudi kuzisoma kurasa za Korea, safari hii kama mtu anayetafuta alipokosea. Niliona kwamba hatukutofautiana katika kutia saini. Wao walisaini kwa sababu ya hofu, mimi kwa sababu ya mvua. Tulitofautiana katika yaliyokuja baadaye.

Tarehe 9 Oktoba 1983 Chun alikuwa ziarani Burma. Majasusi wa Kaskazini walilipua bomu mjini Rangoon, watu 21 wakauawa, miongoni mwao mawaziri wa Korea ya Kusini. Rais mwenyewe aliponea chupuchupu. Baada ya hapo kazi ya makombora ilifufuliwa, na katikati ya miaka ya 1980 likajaribiwa kombora jipya, Hyunmoo, lililopewa jina la kobe mweusi ambaye katika hadithi zao ni mlinzi wa upande wa kaskazini. Mpaka wa kilomita 180 waliuheshimu. Lakini ndani ya mpaka huo hawakukaa bure. Walifundisha vijana, walijenga viwanda.

Kisha wakaanza kuandika barua ya pili. Mwezi wa Agosti mwaka 1998 Kaskazini ilirusha roketi ikapita juu ya Japani. Wakorea wa Kusini walisema kwa rafiki yao: hali si ile ya mwaka 1979, tuzungumze tena. Mazungumzo hayakuwa mepesi, lakini mwezi wa Januari mwaka 2001 mpaka ulisogezwa hadi kilomita 300, na miezi miwili baadaye Korea ilijiunga na utaratibu ulioanzishwa mwaka 1987 na nchi saba zenye viwanda vikubwa ili kuzuia makombora yasienee duniani. Yaani walipata nafasi zaidi, na papo hapo wakakubali kubanwa pamoja na wengine kwa kanuni moja. Jambo hilo nalipenda. Kubanwa peke yako na kubanwa pamoja na wenzako si hali moja.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 walipata kilomita 800. Hiyo ni karibu na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Kombora la namna hiyo, likirushwa hata kutoka katikati ya nchi yao, hufika pande zote za Korea ya Kaskazini. Mwaka 2017, baada ya Kaskazini kujaribu bomu la nyuklia mwezi wa Septemba, mpaka wa uzito ukaondolewa. Mwezi wa Julai mwaka 2020 wakaruhusiwa kutumia mafuta magumu katika roketi za anga za juu, kwani masharti yale yalikuwa yamegusa hata roketi za kiraia. Na tarehe 21 Mei 2021 yakafutwa yaliyobaki, ndiyo habari niliyoisikia barazani. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule walirusha kombora kutoka katika nyambizi yao, na tarehe 21 Juni 2022 roketi yao iitwayo Nuri, iliyotengenezwa nyumbani, ikapeleka setilaiti angani. Ile iliyoitangulia, Naro, iliyofaulu mwaka 2013, ngazi yake ya kwanza ilikuwa imetoka Urusi.

Mara nne walirudi, na mara ya tano jambo likaisha. Hawakuvunja ahadi, hawakumtukana rafiki, hawakuwafukuza askari wake. Walirudi tu, kila hali ilipobadilika, na kila waliporudi walikuwa na watu wanaoijua kazi. Kama wangekuwa wamefunga karakana yao moja kwa moja, uhuru wa mwaka 2021 ungewakuta kama ulivyonikuta mimi mbele ya randa zenye kutu.

Sisemi kwamba mwisho huu ni wa furaha. Rasi ile ndogo sasa ina makombora pande zote mbili, na yale ya Kaskazini yanaweza kubeba nyuklia. Kila mmoja anasema anajilinda. Mpaka ule wa mwaka 1979, pamoja na fedheha yake, ulikuwa na hekima ndani yake, na huenda siku moja wajukuu wa Wakorea wakaomba urudishwe, safari hii kwa pande zote mbili na kwa mkataba wa haki uliosomwa bungeni mchana kweupe. Ningependa niione siku hiyo, lakini umri hauniruhusu kutumaini sana.

Mimi nami niliandika barua yangu ya pili, kwa kuchelewa miaka thelathini. Wafadhili hawapo tena, kwa hiyo niliiandikia kamati ya shule niliyoikwepa mwaka 1989. Nilieleza yote, nikaambatanisha nakala ya ile ya kwanza. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye ni mwanafunzi wangu, aliniita kikaoni ikasomwa nikiwepo. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Mzazi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alisimama akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi randa ya kwanza kuishika maishani niliishikia humu, kwa yule fundi mzee." Yeye ni seremala sasa mjini. Karakana bado ni ghala la mahindi, lakini Jumamosi mbili kila mwezi mtu huyo huja na vijana wake kutengeneza madawati, na watoto wa darasa la saba humshikia mbao.

Ningerudi darasani leo, methali ile ningeiandika tena ubaoni, kisha ningeongeza maneno yangu. Ukiwa huna budi kumtegemea nduguye, mtegemee. Masharti yake yasome mbele ya wenzako, wala usiyafanye mazito kuliko alivyoyaandika. Kazi ya mikono yako usiiache hata kama umeruhusiwa kigoda tu. Na hali ikibadilika, mwandikie tena.